Mtoto aking'atwa na mbwa likizoni, msisubiri kurudi Ulaya

Kila Desemba vijiji vya Kilimanjaro hujaa watu. Wanaoishi Dar es Salaam wanapanda mlimani, na wanaoishi Ujerumani, Uingereza, Marekani na Oman wanaleta watoto wakawaone babu na bibi. Na kila Desemba sisi tunaofanya kazi kwenye vituo vya afya vya huku tunapokea watoto waliong'atwa na mbwa, mara nyingi mbwa wa hapo hapo kwa babu. Wengine huletwa siku ile ile. Wengine huletwa baada ya siku nne, tano, hata wiki, na wapo ambao hatuwaoni kabisa kwa sababu familia imeamua kwamba jambo hilo litashughulikiwa wakisharudi. Maswali haya, kuhusu kichaa cha mbwa, ndiyo ninayoulizwa na wazazi hao, wakiwa mbele yangu au kwa simu kutoka ng'ambo. Mtaona jibu moja linajirudia. Ni kwa makusudi.

Kichaa cha mbwa ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa virusi wanaokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Wanaingia mwilini mnyama anapong'ata, anapokwaruza, au anapolamba kidonda, jicho au mdomo. Kisha husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa hufa, karibu bila kubakiza mtu. Hakuna hospitali yenye dawa ya kumponya, iwe Moshi au Berlin. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote Afrika na Asia, na takriban 4 kati ya 10 ni watoto.

Chanjo inaokoa kwa sababu inaupa mwili nafasi ya kujiandaa kabla virusi hawajafika kwenye ubongo. Kila siku mnayokaa nyumbani mkijadiliana, mnaitoa kwenye nafasi hiyo.

Mtoto ameng'atwa sasa hivi. Nianze na nini?

Maji na sabuni, kabla ya simu na kabla ya kutafuta gari. Dakika 15 kamili, mkitazama saa. Si kumwagia maji na kufuta kwa kanga. Weka jeraha chini ya bomba au kibuyu chirizi, au mtu mmoja amimine maji kwa jagi huku mwingine anaosha. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha kabisa. Fungua jeraha kwa vidole, ingiza povu ndani, suuza, paka tena. Mtoto atalia; mshikeni na mwendelee. Sabuni inaua virusi, na maji yanawaondoa kabla hawajaingia kwenye mishipa. Mkimaliza, pakeni iodini au spiriti kama ipo, mfunike kidogo kwa kitambaa safi bila kukaza, halafu mwende hospitali.

Sasa nisemee yasiyotakiwa, kwa sababu ndiyo ninayoyakuta. Majivu. Mafuta ya taa. Kahawa ya unga. Pilipili. Dawa ya majani iliyotafunwa na mzee mmoja wa ukoo anayeheshimika. Nawaheshimu wazee wetu, lakini sina namna ya kupaka asali kwenye jambo hili: vitu hivyo haviui virusi, vinachubua jeraha zaidi, na vinaipa familia moyo wa kubaki nyumbani. Naombeni pia msiharakishe kulishona jeraha. Kushona kunasukuma virusi ndani, na mtaalamu ndiye ataamua lini lishonwe.

Lakini huyu ni mbwa wetu. Tunamjua tangu akiwa mdogo, na ni mzima.

Nendeni leo.

Hili ndilo wazo linaloua. Watu wanangoja kumwona mbwa anayetoa mapovu na kukimbia hovyo barabarani. Mbwa anaweza kutoa virusi kwenye mate siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote. Siku ile anamng'ata mtoto anakula, anatikisa mkia, analala barazani kama kawaida. Tena wapo mbwa wagonjwa wasiokuwa wakali hata kidogo: wananyamaza, wanajificha, taya inalegea, sauti ya kubweka inabadilika. Na mbwa wa kijijini hufunguliwa usiku alinde nyumba. Mmejuaje alipigana na nani saa nane usiku?

Swali la kumuuliza babu si kama mbwa ni mpole. Muulizeni kadi ya chanjo iko wapi na ina tarehe ya lini. Hata kadi ikiwepo, mtoto aonwe na mhudumu wa afya; kadi itasaidia uamuzi, haiondoi safari ya hospitali.

Tunaondoka Jumamosi. Si bora tumwone daktari wetu kule, mwenye vifaa vizuri?

Hapana. Nendeni leo.

Naelewa kwamba hospitali ya kule ina vifaa zaidi. Naelewa kwamba foleni ya huku inachosha na kwamba chanjo mara nyingi inalipiwa. Lakini chanjo inayotolewa leo Moshi ni bora kuliko inayotolewa baada ya siku sita huko Hamburg. Utaratibu wenyewe umekaa hivi: siku ya dozi ya kwanza inaitwa siku ya 0. Ya pili ni siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na ikichomwa kwenye msuli kuna ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Hospitali nyingine hutumia ratiba tofauti kidogo. Fuateni ile mliyopewa. Safari ikiingilia katikati, dozi zilizobaki zinamaliziwa mnakoishi. Cha muhimu ni kadi yenye jina la chanjo, tarehe na mahali ilipochomwa mwilini. Ipigeni picha ya simu kabla haijapotea kwenye mabegi.

Jeraha likiwa limetoboa ngozi, pamoja na chanjo zinahitajika kingamwili maalumu zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Hizo ni ghali na hazipatikani kila hospitali. Zikikosekana, anzeni chanjo hivyo hivyo, kwani bado zinaweza kutolewa ndani ya siku 7 tangu dozi ya kwanza. Hapo ndipo hospitali ya Ulaya inaweza kuwafaa, kuongezea kile kilichokosekana. Kazi ya kuanza si yake. Kuanza ni hapa, na ni leo.

Zahanati nyingi hazina chanjo hii. Msiende kule, mkaambiwa haipo, mkarudi nyumbani kukaa. Pigeni simu hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mkiambiwa imeisha, pigeni inayofuata.

Ni mkwaruzo tu wa kucha. Hakuna damu.

Osheni na nendeni. Mkwaruzo usiotoa damu unahitaji chanjo. Uliotoa damu, au mate yaliyoingia kwenye jicho, mdomo au kidonda, unahitaji chanjo na kingamwili. Mbwa akilamba ngozi isiyo na jeraha, maji na sabuni yanatosha.

Wavueni watoto soksi na muwakague. Mtoto aliyeonywa asicheze na mbwa hasemi kwamba ameng'atwa, anaogopa kugombezwa. Mwambieni mapema, kabla ya safari, kwamba akisema hatapigwa. Siku ya kuchinja mbuzi wa Krismasi muwe macho zaidi: mbwa wa majirani wote huja nyuma ya nyumba kugombania utumbo, na watoto wageni husogea wapate kuona.

Watoto wetu wamepata chanjo zote, hata kadi ya njano wanayo.

Kadi ya njano ni ya homa ya manjano. Chanjo ya kichaa cha mbwa haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto Uingereza, Ujerumani wala Marekani. Kama hamkuiomba na kuchomwa, hamna.

Nasikia ni sindano nyingi za tumboni.

Hiyo ni habari ya zamani. Sasa zinachomwa mkononi, na kwa mtoto mdogo pajani. Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa pia. Ujauzito si sababu ya kuacha.

Tumeshamuua mbwa na kumzika, basi hatari imekwisha?

Hatari iko mwilini mwa mtoto, na kumuua mbwa hakumgusi kirusi hata mmoja. Ila mmepoteza ushahidi. Mbwa anayeweza kufungwa salama afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo 10, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Lakini chanjo haingoji siku 10 ziishe. Inaanza leo, wakati mbwa anaangaliwa. Nimelazimika kusema hili mara nyingi kuliko ninavyopenda: hizo siku 10 ni za kumwangalia mbwa, si za kumweka mtoto nyumbani.

Ni mbwa peke yake?

Karibu maambukizi yote ya binadamu hutoka kwa mbwa, kwa hiyo nguvu zetu ziwe hapo. Lakini paka, punda, mbuzi na ng'ombe nao huambukizwa wakishang'atwa. Huku kuna tabia moja: ng'ombe anadondosha mate na hawezi kumeza, watu wanasema ana kitu kooni, na mtu anaingiza mkono mzima mdomoni kukitafuta. Acheni. Iteni daktari wa mifugo.

Na walioko ng'ambo wasijione wako mbali. Marekani, vifo vichache vinavyotokea vinatokana zaidi na popo, ambaye meno yake ni madogo kiasi cha kutoacha alama inayoonekana. Mkimkuta popo chumbani alikolala mtoto, nendeni hospitali hata kama hamwoni jeraha. Oman ugonjwa huu uko kwa mbweha.

Tujiandae vipi kabla ya safari?

Fikeni kliniki ya wasafiri angalau mwezi mmoja kabla. Chanjo ya kinga, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Uingereza hutoa tatu. Aliyechanjwa hivi akija kung'atwa bado anaosha jeraha na bado anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, ila atahitaji dozi mbili tu, siku ya 0 na ya 3, na hahitaji zile kingamwili adimu.

Halafu mchanjeni mbwa wa babu. Kila mwaka mnatuma hela ya mbuzi, ya bati, ya ada za wapwa. Tumeni na ya kuchanja mbwa, na mwombeni aliyeko nyumbani awapigie picha kadi yake. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba wameonyesha kwamba kuchanja mbwa kunaumaliza.

Na magonjwa mengine ya wanyama?

Nitasema mawili ninayoyakuta. La kwanza ni brusela, inayokuja na maziwa mabichi. Bibi anamkamulia mjukuu kikombe cha moto moto kwa upendo. Chemsheni kwanza, mpaka yapande. Hili ni kwa maziwa ya ngamia ya Salalah, kule Oman, vilevile. Homa yake huja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na viungo kuuma, na inaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kurudi. Watu hutibiwa malaria mara tatu hawana malaria. Mwambieni daktari wa kule, kwa maneno haya haya, kwamba mlikunywa maziwa mabichi Tanzania. Asipoambiwa hatafikiria. Matibabu ni ya wiki 6, na mkiacha katikati homa inarudi.

La pili ni kimeta (anthrax). Mnyama aliyekufa ghafla hachunwi, haliwi, hata kama nyama inaonekana nzuri. Mbuzi wa sikukuu akaguliwe na afisa mifugo, na kisusio, ile supu yenye damu ya mbuzi, kichemke sawasawa. Mtu akitokewa na kidonda cheusi katikati kisichouma, baada ya kushika nyama au ngozi, asikipake kitu. Aende hospitali, kimeta kinatibika kikiwahiwa.

Mtoto aling'atwa likizo iliyopita, miezi minne sasa. Hatukufanya chochote na ni mzima. Tuache?

Msiache. Nendeni leo. Chanjo hutolewa hata miezi ikiwa imepita, mradi dalili hazijaanza. Mkifika mapokezi msiseme “tumekuja kwa ushauri”, mtapangiwa wiki ijayo. Semeni: mtoto wetu aling'atwa na mbwa Tanzania, tarehe fulani, jeraha lilitoa damu, hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa. Na pigeni simu nyumbani muulize yule mbwa yuko wapi, lakini mpige mkiwa njiani.