Baridi ya Iringa na fuvu la Mkwawa: kwa nini mwezi wa sita mpaka wa nane ndo msimu wa makumbusho

Kamwene! Wa Iringa wameshaitika, wengine mnisamehe, ndo salamu ya huku na hamna namna ya kuanza bila hiyo.

Kila mwaka baridi ikianza kuuma, watu wa Dar na Morogoro wananiuliza swali lile lile, huko si kuna baridi, tutakuja kuona nini, si bora tusubiri mwezi wa kumi jua likichachamaa. Kiukweli siwalaumu, mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa saba ukitoka nje na fulana unarudi ndani mbio, halafu mtu akisikia neno makumbusho anapata picha ya chumba chenye vumbi na mlinzi anayesinzia. Lakini kazi yangu mimi ni kuelimisha watu kuhusu makumbusho na mambo ya kale, na nawaambia kama kuna msimu wa kuja kuiangalia historia ya Iringa basi ni huu huu wa kipupwe, maana tarehe tatu kubwa za Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, zote zimeangukia humo: 19 mwezi wa sita, 19 mwezi wa saba na 17 mwezi wa nane. Sema kwa miaka zimepinduka, ya mwisho kwenye kalenda ndo ya kwanza kutokea, kwa hiyo naanzia nyuma.

Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo. Ukitokea Dar kwa basi unapapita kabla hujafika mjini, na wengi tunapapita tumelala. Hapo ndo kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walikuwa wanamwita Nyundo, kilivamiwa na Wahehe kikiwa kimejipanga mstari mrefu njiani, askari wengi wakiwa wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji, na ndani ya dakika chache tu mamia wakawa wamekufa, Zelewski mwenyewe akiwemo, na bunduki zao zikabadilisha mwenyewe. Wahehe wengi siku hiyo walikuwa na mikuki na ngao. Sasa ukishuka pale utakuta mnara, na mnara wenyewe waliujenga Wajerumani kuwakumbuka wafu wao, yaani aliyeshindwa ndo mwenye jiwe. Mimi huwa nawasimamisha wanafunzi mbele ya ule mnara kwanza kabla sijawaambia chochote, nawauliza huu unamkumbuka nani, na karibu wote wanasema Mkwawa. Hapo ndo somo linaanzia.

Mjerumani hakusahau. Oktoba 30, 1894 akarudi na mizinga, Tom von Prince akiwa mmoja wa maofisa waliopanda ukuta wa Kalenga, makao makuu ya Mkwawa (Prince ndo Bwana Sakarani, jina lake bado utalisikia), ngome ikaanguka, ila Mkwawa hakupatikana. Miaka karibu minne akawa porini anawasumbua, wao wameweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na watu wakamficha. Ndo tunafika Julai 19, 1898, Mlambalasi, alipojipiga risasi kuliko kushikwa. Kichwa kikakatwa kikachukuliwa na Wajerumani, mwili ukazikwa kule kule. Ukifika Mlambalasi asubuhi ya mwezi wa saba, upepo ule unapiga, na wewe umevaa sweta na umekuja na gari, ndo unaelewa maana ya mtu kukimbia maporini misimu minne ya baridi namna hiyo. Hilo kwenye kitabu hulipati. Na kwa wanaopenda mambo ya zamani zaidi, jabali la Mlambalasi lina tabaka za watu wa zama za mawe na za chuma walioishi pale miaka mingi mno kabla ya Mkwawa, wataalamu wa akiolojia wamechimba pale na kukuta na mifupa ya binadamu. Watu wa zama tofauti kabisa, jabali lile lile.

Tarehe ya tatu ndo inayonipa kazi kubwa. Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kuna kifungu cha 246, na kifungu hicho kinaiambia Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita: Qurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa likabidhiwe kwa serikali ya Mwingereza. Hebu fikiria, mkataba unaogawa dunia, wakubwa wamekaa Ufaransa wanapanga mipaka na madeni, na humo ndani kuna kichwa cha mtu wa Kalenga. Miezi sita ikawa miaka 35. Fuvu lilirudi Juni 19, 1954, baada ya gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953, na akamkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Leo liko Kalenga, ndani ya kioo, kwenye makumbusho ndogo tu ambayo ukiwa na haraka unaimaliza kwa nusu saa. Usiwe na haraka.

Na hapa ndo linakuja swali ambalo kila kundi la shule lazima mtoto mmoja aliulize: ni lake kweli? Zamani waelekezaji wengi walikuwa wanajibu ndiyo, basi, twende mbele. Mimi naona tunakosea tukijibu hivyo, mtoto ameuliza swali la kitaalamu apewe jibu la kitaalamu. Twining alikuta Bremen mafuvu kama 2,000, kati ya hayo 84 yalitokea iliyokuwa Afrika Mashariki ya Mjerumani. Akatumia kipimo cha upana wa kichwa ukilinganisha na urefu wake, akalinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, akapunguza, akapunguza, akabaki na machache, na katika hayo akachagua lenye tundu la risasi. Ndo njia hiyo. Kwa zama zile ilionekana ni ya kisayansi, kwa leo haitoshi, kipimo kile kinaweza kufanana kwa watu wengi tu wasio hata na undugu, na wanahistoria wameandika wazi kwamba wana mashaka. Kwa hiyo jibu langu kwa mtoto ni kwamba familia na taifa wamelipokea kama lake, ushahidi wa maabara wa kumaliza ubishi haupo mezani, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Kuna binti mmoja wa darasa la sita, nilishamjibu hivyo hivyo, akakaa kimya kidogo akauliza, sasa kama sio lake, ni la nani? Nikakosa la kusema. Maana hilo ndo swali lenyewe, kwenye yale 84 kila moja lilikuwa na mama yake, na kuna mabaki ya watu wetu mengi bado yapo Ujerumani mpaka leo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea kwenye makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha, na kule familia ya Songea Mbano, chifu wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani kwenye vita ya Majimaji, nayo inatafuta fuvu la babu yao. Ukishajua hayo, ukisimama mbele ya kile kioo cha Kalenga hata simu ya selfi unaitoa kwa aibu kidogo. Muulize kwanza mwelekezaji kama picha zinaruhusiwa, na hata zikiruhusiwa, ule ni mwili wa marehemu.

Haya tushuke mjini. Boma la Iringa, jengo la Mjerumani, mwanzo lilikuwa hospitali ya jeshi, baadaye likawa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Uzuri wake halihusu Mkwawa peke yake, kuna maisha ya kawaida ya watu wa Iringa, vyombo, mavazi, vikapu. Na mimi vikapu ndo ugonjwa wangu. Kikapu cha Iringa kinasukwa kwa milulu, majani yanayoota sehemu za maji, na mikono inayosuka ni ya akina mama, ni kazi ya kukaa chini siku kadhaa kwa kikapu kimoja tu kilichobana vizuri. Watalii wa Ruaha wananunua sana msimu huu maana kiangazi ndo wanyama wanaonekana vizuri mtoni na magari ya hifadhini yanapita hapa hapa mjini kwetu, sisi wenyewe tunabebea mfuko wa plastiki.

Kitu kingine ambacho watu hawajui, nyuma ya milango baridi ndo msimu wetu wa ukaguzi. Masika vitu vya asili vinapata ukungu, kipupwe hewa inakuwa kavu na mchana na usiku joto linapishana sana, mbao inapasuka, ngozi ya ngoma inakaza mpaka inachanika, wadudu nao waliojificha wakati wa mvua unaanza kuona unga wao chini ya kigoda, huo unga sio vumbi, ni fukusi anakula. Kwa hiyo tunapita kitu kimoja kimoja, tunaangalia, tunaandika. Ndo maana pia taa kwenye chumba cha nguo zinakuwa hafifu, watu wanalalamika tunabana umeme, hapana jamani, mwanga unaua rangi ya kitambaa taratibu na rangi ikishaondoka hairudi.

Na hii ni ya bure kwa mwenye kikapu au kigoda cha bibi nyumbani. Usipake vanishi, usipake mafuta ya kula (nimeona!), usianike juani eti kiue wadudu, jua litakipasua. Kama kikapu kina wadudu kifunge kwenye mfuko wa plastiki bila kuacha tundu, kiweke kwenye friza, nyuzi karibu 20 chini ya sifuri, wiki mbili, ukikitoa kiache ndani ya mfuko siku nzima mpaka kipoteze ubaridi ndo ufungue, usipofanya hivyo kitalowa. Sio kwa kila kitu lakini, chenye rangi ya kupakwa, pembe au ngoma iliyowambwa usiweke friza, hicho leta tukiangalie. Halafu kabla hujaja nacho muulize bibi kilikuwa cha nani na kilitumika wapi, uandike. Tunaletewaga vitu vizuri kweli, ukiuliza historia yake mtu anasema "tulikikuta tu", na hapo thamani yake kwetu inakuwa imepungua nusu.

Isimila nitaigusa tu maana inataka makala yake. Kama km 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya, zana za mawe zilizoonekana mwaka 1951 na kuchimbwa mwaka 1957 na 1958, umri wake unakadiriwa miaka 260,000 hivi, na zile nguzo za udongo ambazo mvua imezichonga. Nenda kiangazi, korongo likiwa kavu unashuka mpaka chini unatembea katikati ya nguzo. Usiokote jiwe hata dogo, kila jiwe pale lilipolala ndo taarifa yenyewe, ukilihamisha umefuta mstari kwenye kitabu.

Kwa mpango wa siku mbili, na shule zikifunga mwezi wa sita familia nyingi zinaweza: siku ya kwanza Boma asubuhi, Kalenga mchana, jioni panda Gangilonga, lile jabali ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, uangalie mji. Siku ya pili Isimila mapema kabla jua halijawa kali, maana mchana huku ni jua kweli pamoja na baridi yote hiyo. Mlambalasi ni mbali kidogo na barabara sio lami yote, itengee siku yake, beba maji, nenda na mwelekezaji. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni. Walimu, tafadhali, wapigieni simu wahusika kabla ya kuleta basi, watoto 90 kwenye chumba cha Kalenga kwa mkupuo hawaoni kitu zaidi ya mgongo wa mwenzao, wagaweni mafungu matatu, fungu moja likiwa ndani lingine linasimuliwa habari za ukuta huko nje. Na sweta, jamani, kila mtoto.