Kurejesha chuma kutoka kwenye slagi kwa haidrojeni

Slagi, yaani mavi ya chuma, ni uji wa mawe unaoelea juu ya chuma cha pua kinachoyeyushwa, na kwa kila tani ya chuma hicho hupatikana takriban kilo 100 hadi 150 za slagi. Oksijeni inapopulizwa tanurini ili kuunguza kaboni, huunguza pia sehemu ya chuma chenyewe. Oksidi inayotokea huyeyuka ndani ya chokaa iliyotiwa humo kunasa fosforasi. Slagi ikishapoa na kupondwa, sumaku huokota vipande vya chuma vilivyonaswa, lakini chuma kilichofungamana na oksijeni huachwa humo humo.

Haidrojeni huingia hapo. Ikipitishwa juu ya slagi yenye joto kali huichukua oksijeni hiyo, chuma kikabaki na mvuke wa maji ukatoka. Tuchukue tani moja ya slagi yenye oksidi ya chuma asilimia 25: kwa hesabu ya kemia, ina chuma kipatacho kilo 194, na kukitoa chote kunahitaji kilo 7 tu za haidrojeni. Viwandani hutumika zaidi, kwa kuwa gesi nyingi hupita bila kufanya kazi.

Makaa yangeweza kufanya kazi hiyo hiyo, ila katika joto la kuyeyusha huing'oa fosforasi pia na kuirudisha kwenye chuma, nayo hukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko hata ya moshi. Haidrojeni ikitumiwa wakati slagi ingali yabisi, chini ya nyuzijoto 1,000, fosforasi hubaki kwenye chokaa. Tatizo ni kwamba chuma hutokea kama chembe ndogo mno zilizotawanyika ndani ya jiwe, hivyo ni lazima lisagwe kabla ya kutumia sumaku.

Njia nyingine ni plazma, gesi iliyopashwa kwa umeme hadi ikayeyusha kila kitu, chuma kikajikusanya chenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Düsseldorf, Ujerumani, walieleza jinsi walivyopata chuma kwa njia hiyo kutoka kwenye tope jekundu, taka ya viwanda vya alumini, wakitumia gesi ya argoni yenye haidrojeni asilimia 10. Gharama kubwa ni umeme: kuzalisha kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji hula zaidi ya kilowati-saa 50.