Fimbo ya pool inayolia si lazima iwe imepasuka

Kwenye meza za Sinza au Manzese, Dar es Salaam, fimbo ikianza kulia "kra-kra" kila unapopiga, hukumu huwa moja: imepasuka, tafuta nyingine. Mara nyingi si kweli. Mlio wa chuma kinachocheza hutoka kwenye kitu kilicholegea, na mshukiwa wa kwanza ni bolti ya uzito iliyo ndani ya kitako, yaani kipande kinene cha nyuma.

Fungua fimbo katikati, gongagonga kila kipande kwenye kiganja. Kitako kikilia chenyewe, toa raba ya mwisho (nyingine huvutwa, nyingine zina skrubu), chungulia kwa tochi, ingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) ndefu au bisibisi, kaza mpaka bolti ishike. Usikaze kwa hasira. Hapo ndipo utaupasua mti kweli. Nyuzi za bolti zikiwa zimechoka, itoe, izungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba mara 2 au 3, uirudishe.

Vipande vyote vikinyamaza, angalia kiungo cha katikati: futa chaki na vumbi kwenye nyuzi, kisha funga kwa mkono tu, bila koleo. Kipande cha mbele kikilia, tikisa ile pete nyeupe chini ya ngozi ya ncha. Ikicheza, gundi imeachia.