Picha ya haiba ya mbwa: ni picha gani hiyo?

Picha ya haiba ni ile inayomwonyesha mbwa mmoja kwa tabia yake, kiasi kwamba mwenye mbwa akiiona anasema "ndiye huyu!" hata kabla ya kutazama rangi ya manyoya. Kuonyesha kwamba ni mbwa, au kwamba ni mbwa mzuri, hakutoshi. Picha ya pasipoti nayo inamtambulisha mtu, macho na masikio yote yapo, lakini haikwambii kama ni mcheshi au mchoyo. Picha nyingi za mbwa zilizo kwenye simu zetu ni za pasipoti.

Wapo wanaoguna: mbwa naye ana haiba? Swali hilo lingeulizwa kwingine, si Kigoma. Hapa kwetu, katika msitu wa Gombe, ndipo Jane Goodall, mtafiti wa wanyama kutoka Uingereza, alipoanza kuwatazama sokwe mwaka 1960, akawapa majina kama David Greybeard na Flo, wakati wataalamu wengi wa siku zile waliona ni kosa kusema mnyama ana hulka yake mwenyewe. Alipenda kueleza kwamba somo hilo hakulipata chuoni. Alifundishwa na mbwa aliyekuwa naye utotoni Uingereza, jina lake Rusty.

Sasa, haiba haionekani kwa kumkalisha mbwa na kumkazia macho. Inaonekana kwenye mazoea yake, kwa hiyo kazi inaanzia mdomoni: muulize mwenyewe, "Huyu ana vituko gani?" Watu watakwambia mengi. Huyu ukimwita anageuza sikio moja, mwili anauacha palepale. Huyu mtu hamwogopi, anaogopa ndoo. Huyu hagusi chakula mpaka watoto wamalize kula. Kila jibu ni picha inayosubiri kupigwa. Wa sikio, usimwite mpaka kamera iwe tayari, maana atageuza mara mbili tatu kisha atakuchoka. Wa ndoo, usimletee ndoo. Picha ya mbwa uliyemtisha inaonyesha roho yako zaidi ya yake. Na yule wa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, anayelala kando ya dagaa walioanikwa, akifumbua jicho moja kila kunguru anapotua, mpige picha pamoja na dagaa na kunguru wake. Ukimkata akabaki peke yake, anakuwa mbwa aliyelala tu.

Hapo ndipo mavazi yanapoharibu. Miwani na kofia huchekesha kidogo, kisha unagundua kwamba mbwa yeyote angevaa ingetokea picha ileile. Vilevile kwa mbwa wetu wengi, ambao hulala nje na hawaingii ndani, kochi la sebuleni si mahali pao. Mpige langoni, chini ya mwembe, kwenye kivuli cha gari anachokipenda.

Kuna kosa moja limeenea sana: kudhani kila mbwa aliyeachama anacheka. Mara nyingi ana joto tu, anahema ili apoe. Tazama mwili mzima. Mbwa anayejilamba pua bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, aliyelaza masikio nyuma, anayekutupia jicho la pembeni mpaka weupe unaonekana, huyo amechoka na wewe. Weka simu chini, muache. Kwa mbwa, kutumbuliwa macho ni kama kutafutwa ugomvi, na lenzi ni jicho kubwa.

Kimo ni jambo la pili. Ukipiga ukiwa umesimama, unapata kichwa kikubwa na miguu mifupi. Chuchumaa, au lala. Elliott Erwitt, mpiga picha wa Marekani aliyesifika kwa picha za mbwa, alipiga moja New York mwaka 1974 kamera ikiwa karibu na ardhi: kijibwa kiko kando ya buti za mwanamke, na pembeni imesimama miguu mirefu ya mbwa mkubwa ambaye kichwa chake hakimo kabisa. Kijibwa chenyewe kimevaa kofia, lakini hiyo naisamehe.

Mwanga, Kigoma tumebarikiwa. Jua letu hutua zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, na utosini hufika karibu saa saba mchana, muda ambao hakuna picha ya maana. Jioni linashuka upande wa ziwa, juu ya milima ya Kongo. Mbwa akielekea ziwani, uso unang'aa na machoni kunatokea nukta ya mwanga. Bila nukta hiyo macho meusi huonekana yamekufa. Mbwa mweusi kwenye mchanga mweupe hugeuka doa, basi mhamishie kivulini na uguse uso wake kwenye skrini ili simu ipime hapo. Flashi zima.

Mbwa usiyemjua usilale mbele yake bila mwenyewe kuwepo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Picha ya mwisho achague mwenye mbwa. Mpiga picha huvutiwa na ile iliyotulia, yenye mwanga mzuri. Mwenyewe anaweza kuchukua iliyocheza kidogo, mkia hata haueleweki, kwa sababu ndivyo mkia huo ulivyo kila pikipiki ya baba inapoingia uani.