Usugu wa dawa kwenye bakteria wa chakula: nani hasa anakuwa sugu?

Wengi wakisikia usugu wa dawa wanadhani ni mwili wa mtu umeizoea dawa, eti alimeza sana antibayotiki sasa hazimshiki tena. Hapana. Anayekuwa sugu ni bakteria mwenyewe, na ndo maana mtu ambaye hajameza antibayotiki maisha yake yote anaweza kula kuku asiyeiva akapata Salmonella, bakteria anayeleta kuharisha na homa, iliyokuwa sugu tangu huko bandani.

Inakuwaje? Bakteria wanazaliana haraka mno na jeni zao zinabadilika kidogokidogo zenyewe, dawa ikiingia inaua wengi, yule mmoja mwenye badiliko la kumwokoa anabaki na nafasi yote inakuwa ya uzao wake. Linalonitisha zaidi ni kwamba wanapeana jeni hizo kupitia kipande cha DNA kinachoitwa plasmidi, hata wasipokuwa wa aina moja, yaani E. coli asiye na madhara kwenye utumbo wa nguruwe anaweza kumpa Salmonella jeni ya usugu. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, inakaa kwenye plasmidi na inamkinga bakteria dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari wanaiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana, huku mifugo ilikuwa inalishwa hiyohiyo ili inenepe tu!

Campylobacter, bakteria mwingine wa kuharisha anayetoka sana kwa kuku, nayo vilevile. Antibayotiki za jamii ya siprofloksasini zilipoingia kwa kuku usugu ukapanda kwa watu, Marekani ikafuta kibali cha enrofloksasini, dawa ya mifugo ya jamii hiyohiyo, kwa kuku mwaka 2005, lakini usugu ukishaenea haurudi nyuma kirahisi, na sasa kwa Campylobacter madaktari wengi wanakimbilia azithromaisini, antibayotiki ya jamii nyingine.

Ila bakteria sugu hastahimili moto, chakula kikiiva mpaka ndani anakufa kama wenzake. Na kuharisha kwingi kwa chakula kunaisha kwa kunywa maji na ORS bila antibayotiki yoyote, kwa hiyo ukimeza vidonge kila tumbo likisokota unaua bakteria wazuri na kuwaachia uwanja walio sugu. Shida kubwa ni pale wanapoingia kwenye damu, hasa kwa mtoto mchanga, mzee au mwenye kinga dhaifu, dawa ya kwanza ikigoma muda wa kumwokoa unapotea. Ukiona choo cha damu, homa kali au mtoto analegea wahi hospitali, na uombe kama choo kinaweza kuoteshwa maabara ijulikane ni dawa gani bado inamuua huyo bakteria.