Duka la idara si jumba la maduka

Siku hizi jengo lolote lenye ngazi za umeme na kiyoyozi linaitwa duka la idara. Mtu katoka Mlimani City ya Dar es Salaam au Sarit Centre ya Nairobi, anakwambia katoka duka la idara. Sivyo.

Duka la idara ni duka moja, la mwenye mali mmoja, lililogawa bidhaa zake kwa vitengo: vitambaa huku, viatu kule, kila kitengo na mkuu wake, faida na hasara zote zikiingia kwenye hesabu za nyumba moja. Basi.

Jumba la maduka lina mwenye jengo na wapangaji. Yeye anadai kodi. Muuza viatu akifilisika, anatafutwa mpangaji mwingine, na muuza simu wa pembeni wala hashtuki.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mtazame Aristide Boucicaut, mtoto wa muuza kofia, aliyeingia ubia katika duka la Bon Marché jijini Paris mwaka 1852 na kulimiliki kuanzia 1863. (Jina hilo ni Kifaransa cha "bei nafuu".) Bei aliibandika kwenye bidhaa, mtu akaruhusiwa kuingia, kushikashika na kutoka bila kununua, na kilichomkataa alikirudisha. Si yeye aliyebuni yote hayo. Yeye aliyaweka pamoja, akaridhika na faida ndogo ilimradi mzigo utoke haraka. Alipofariki mwaka 1877, mauzo ya mwaka yalikuwa yamepita faranga milioni 60.

Kila Januari, sikukuu zimepita na mifuko imekauka, duka la Boucicaut lilisheheni vitu vyeupe: mashuka, taulo, vitambaa vya meza, kwa bei ya kutupa. Aliweza kwa sababu kila kaunta ilikuwa yake. Hebu jaribu kuwaamuru wapangaji hamsini, kinyozi na muuza simu wakiwemo, wote wauze mashuka.

Nakiri mpaka umefifia. Maduka mengi ya idara ya leo huzikatia kampuni za manukato na mikoba sehemu ya ukumbi, zinaleta wauzaji wao na kulipa kamisheni. Hata hivyo, kwa kawaida risiti hubaki na jina la duka.

Kwa hiyo ukinunua viatu ghorofa ya kwanza na shuka ghorofa ya tatu, soma risiti zako. Zikiwa na majina mawili tofauti, ulikuwa kwenye jumba la maduka, na hakuna ubaya kuliita hivyo.