Kasoro ya kiwandani kwenye mazabodi ni kitu gani, na unabadilishiwaje

Mazabodi ikizingua wengi wanawaza mambo mawili matatu tu, umeme umepiga shoti, vumbi, au imezeeka. Hayo ni kuharibika kwa kawaida. Kasoro ya kiwandani ni habari nyingine, hapo bodi imetoka kiwandani na tatizo liko ndani tayari, we uliyenunua hujakosea popote na hata uitunze vipi linaweza kutokea, na ndiyo maana hii ni haki ya kubadilishiwa, sio hisani ya muuzaji.

Mfano mzuri ni wa Intel mwaka 2011. Januari ile walitoa prosesa za Core kizazi cha pili, akina i5 2400, i5 2500K na i7 2600, ambazo mpaka leo unazikuta kwenye desktop za mtumba, na prosesa zenyewe hazikuwa na neno kabisa, shida ilikuwa kwenye chipseti, ile chipu iliyochomelewa kwenye bodi inayosimamia diski na USB. Tarehe 31 Januari Intel wenyewe wakatangaza kwamba chipseti zao za 6 Series, P67 na H67 zikiwemo, zina kasoro ya usanifu, wakasimamisha kuzisambaza na kukadiria kwamba kutengeneza na kubadilisha kutawagharimu dola milioni 700, achilia mbali kama milioni 300 za mauzo watakayokosa.

Kilichotokea ni kwamba transista moja kwenye saketi inayoendesha porti nne za SATA (zile za kuchomekea waya wa diski) za 3Gb/s ilikuwa inapewa volti nyingi kuliko inavyohimili, kwa hiyo umeme unavuja kidogokidogo, siku ya kwanza huoni kitu, ila kadri muda unavyoenda porti inachoka. Zile porti mbili za 6Gb/s, namba 0 na 1, hazikuguswa.

Dalili zake ndo zinachanganya watu kwa sababu zinafanana na diski inayokufa: kukopi faili kunakwama katikati, Windows inachelewa kuwaka, halafu siku moja BIOS, ile programu ya bodi inayowasha kompyuta kabla ya Windows, haioni diski kabisa na mtu anakimbia kununua mpya wakati data zake zote ziko salama. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mstari wa C7, unaohesabu makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani kati ya diski na bodi. Namba ikizidi kupanda badilisha kwanza waya wa SATA maana ni bei chee na wenyewe unaleta makosa hayohayo, bado inapanda? hamishia diski porti 0 au 1, ikitulia pale basi diski yako ni nzima, mgonjwa ni bodi.

Hapa fundi hata awe hodari vipi hana cha kufanya. Kuipasha chipu kwa hot air (mashine ya hewa moto ya kuchomelea) hakusaidii kwa sababu haijaachia mahali ilipochomelewa, na ku-update BIOS hakubadilishi transista. Dawa ilikuwa chipu yenyewe itengenezwe upya, toleo likatoka B2 likawa B3, na Gigabyte kwa mfano wakawa wanaandika -B3 mwishoni mwa jina la bodi ili mteja aone anachonunua. Kwenye kompyuta iliyowaka, programu ya CPU-Z inakuonyesha hilo toleo kwenye kurasa ya Mainboard, mstari wa Southbridge.

Kubadilishiwa sasa. Andaa risiti na serial namba ya bodi, eleza dalili na vipimo ulivyofanya (usiseme tu "haifanyi kazi"), na usitume kitu kabla hujapewa namba ya RMA, yaani kibali cha kurudisha bidhaa, maana mzigo usio nayo unaweza kupotelea stoo. Prosesa, RAM na feni baki navyo. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, kwenye bodi za LGA1155, yaani soketi ya prosesa hizi za kizazi cha pili, pini ziko kwenye soketi ya bodi, sio kwenye prosesa, na ni nyembamba sana, ikipinda hata moja wana sababu ya kukataa waranti, kwa hiyo rudisha kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi na upige picha pini zikiwa zimenyooka kabla hujafunga boksi. Kifuniko usikitupe siku unayonunua bodi!

Bodi mpya ikifika ingia BIOS kwanza uangalie SATA iko AHCI au IDE (njia mbili za bodi kuwasiliana na diski) kama ilivyokuwa kwenye ya zamani, la sivyo Windows 7 inakutolea skrini ya bluu yenye 0x0000007B na utadhani umeletewa bodi nyingine mbovu. Windows ikidai uiamilishe upya usinunue leseni nyingine, Microsoft wanakubali leseni iliyokuja na mashine iendelee kama bodi imebadilishwa kwa sababu ya ubovu, wasiliana nao tu.

Kwa aliyenunua mtumba na kukuta ni B2, waranti ilishaisha zamani, lakini bodi sio ya kutupa. Weka diski zako porti 0 na 1, ambazo mara nyingi zina rangi tofauti na zile nne, na ukihitaji zaidi ya hapo chomeka kadi ya SATA kwenye sloti ya PCIe.